UCHANGANUZI: Maisha ya Stefanie Zweig yana somo kwa sera ya wakimbizi

MNAMO Machi 2025, Serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaonuia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kawaida ambamo wakimbizi wataishi na kufanya kazi pamoja na wenyeji. Wapo wanaouona mpango huo kuwa wa utu na busara. Wapo pia wanaohofia kwamba utahatarisha ardhi, ajira na usalama wa taifa.

Pande zote mbili zina la kujifunza kutokana na maisha ya Stefanie Zweig, mwandishi Myahudi aliyefariki mjini Frankfurt, Ujerumani, mnamo Aprili 2014 akiwa na umri wa miaka 81. Kabla ya kupata umaarufu, Zweig alikuwa mkimbizi, na nchi iliyomhifadhi ni Kenya.

Alizaliwa mwaka wa 1932 mjini Leobschütz, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao sasa uko Poland. Babake alikuwa wakili. Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, Wayahudi walianza kupokonywa kazi na haki zao, na kufikia 1938 familia hiyo ililazimika kutorokea Kenya.

Julai mwaka huo, wajumbe wa mataifa 32 walikutana mjini Évian, Ufaransa, kujadili hatima ya wakimbizi hao. Karibu wote walieleza huruma yao, kisha wakaendelea kufunga milango. Waliobahatika kupata pa kwenda walinusurika. Wengi waliobaki, wakiwemo jamaa za Zweig, waliuawa.

Humu nchini, wakili huyo aligeuka kuwa msimamizi wa shamba, kazi ambayo hakuwa na ujuzi nayo. Vita vilipozuka mwaka wa 1939, utawala wa Uingereza ulitazama uraia wake pekee na kumhesabu kuwa adui. Wanaume wa Kijerumani walizuiliwa kambini, nao wanawake na watoto wakawekwa chini ya ulinzi jijini Nairobi. Aliyemkimbia chui alifungwa kwa kushukiwa kuwa ndiye chui. Hata hivyo, baadaye mtu huyo huyo alijiunga na jeshi la Uingereza.

Kosa hilo halijatoweka. Baada ya magaidi wa Al-Shabaab kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, serikali ilitaka Dadaab ifungwe. Agizo la kuifunga lilitolewa mwaka uliofuata, lakini Mahakama Kuu ikaliharamisha Februari 2017. Uchungu wa Wakenya ulikuwa wa haki, na taifa lina wajibu wa kuwasaka wahalifu popote walipo. Lakini wengi wa wakimbizi wa Kisomali waliwatoroka wahalifu hao hao. Uraia wa mtu hauelezi anakimbia nini.

Hata hivyo, haifai kuipamba historia. Wakimbizi Wayahudi waliwasili wakiwa maskini, ila rangi yao iliwaweka juu ya Waafrika waliokuwa wamepokonywa ardhi. Zweig alisoma katika shule ya bweni ya watoto wa wazungu. Katika riwaya yake ya 1995, Nirgendwo in Afrika, iliyotokana na maisha yake, mtu mwenye hekima kuliko wengi ni Owuor, mpishi Mjaluo. Filamu ya riwaya hiyo, ambamo Mkenya Sidede Onyulo aliigiza kama Owuor, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2003.

Akina Owuor hawakuulizwa maoni yao kuhusu nani apokewe nchini. Leo, wakazi wa Turkana na Garissa hawastahili kutendewa vivyo hivyo. Mpango wa Shirika utafaulu tu iwapo maji, shule na zahanati zitakazojengwa zitawafaa wenyeji kama zinavyowafaa wageni.

Kuna suala la kurejea nyumbani pia. Mwaka wa 1947, familia ya Zweig ilirudi Ujerumani, na babake akawa jaji mjini Frankfurt. Kwa mzee huyo, ulikuwa mwisho wa ukimbizi. Kwa bintiye, aliyekulia Kenya, safari hiyo ilikuwa uhamisho wa pili, katika mji uliobomolewa kwa mabomu na kukumbwa na njaa.

Dadaab ilianzishwa mwaka wa 1991. Waliozaliwa humo sasa wana watoto wao, na wengi hawajawahi kuiona Somalia. Anayesisitiza kwamba "warudi kwao" anapaswa kwanza kueleza kwao ni wapi. Mgeni aje mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni atafungiwa kambini miaka 30 bila kibali cha kufanya kazi.