Kizingiti cha kumpata mwanajopo asiyependelea

KESI ya jinai dhidi ya Donald Trump ilipoanza jijini New York mnamo Aprili 15, 2024, raia 96 waliingizwa katika ukumbi wa mahakama ili wachujwe. Jaji Juan Merchan aliwauliza ni nani miongoni mwao aliyehisi kwamba hangeweza kuamua kesi hiyo bila mapendeleo. Zaidi ya nusu yao waliinua mikono, wakaruhusiwa kwenda zao.

Pengine hao ndio waliokuwa wakweli kupita wote. Kibarua kigumu kilikuwa kuwapima waliosalia.

Katika mfumo wa Marekani, raia 12 wa kawaida ndio huamua iwapo mshtakiwa wa kosa kubwa ana hatia, naye jaji husimamia masuala ya kisheria. Kabla hawajaapishwa, huhojiwa mmoja mmoja. Akibainika mtu kuwa ni jamaa ya mhusika, ana maslahi katika kesi, au amekwisha kuamua moyoni, wakili humwomba jaji amwondoe. Pingamizi ya aina hii haina kikomo, mradi sababu ithibitishwe. Ipo pingamizi nyingine isiyodai sababu yoyote, lakini hiyo huwekewa idadi. Katika kesi ya Trump kila upande ulipewa 10.

Utata hujitokeza pale mtu anapokiri kuwa ana maoni, kisha akaapa kwamba atayaweka kando. Je, aaminiwe?

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikabiliwa na swali hilo mwaka 1961 katika rufaa ya Leslie Irvin, aliyekuwa amehukumiwa kifo huko Indiana. Mauaji sita yalikuwa yametokea katika eneo la Evansville, na magazeti na redio zikatangaza kuwa mtu huyo alikuwa amekiri. Kesi ilihamishiwa wilaya jirani, lakini magazeti yayo hayo yalisomwa huko pia.

Watu 430 walihojiwa. Kati yao, 268 waliondolewa kwa sababu walikuwa na msimamo usiotikisika kwamba Irvin alikuwa na hatia. Hata hivyo, wanane kati ya 12 walioketi hatimaye walikuwa wamekiri kudhani ndiye muuaji. Wote waliahidi kutenda haki, naye jaji akaridhika.

Mahakama ya Juu haikuridhika. Ilieleza kwamba mwanajopo halazimiki kuwa mbumbumbu wa mambo yanayozungumzwa mtaani. Yatosha awe na uwezo wa kuweka kando aliyoyasikia na kuamua kwa ushahidi. Lakini penye chuki iliyoenea kiasi hicho, ahadi ya mdomo haina uzito. Hukumu ilifutwa. Irvin alishtakiwa upya, akapatikana na hatia na kufungwa maisha. Kwa hivyo uamuzi ule haukumwachilia muuaji, kama walivyohofu wengi. Ulimwokoa na kitanzi kilichofungwa kabla ushahidi haujasikizwa.

Tangu hapo majaji wamekuwa waangalifu zaidi, japo si wote. Machi 2021, kesi ya polisi Derek Chauvin ikiwa bado katika hatua ya kuteua jopo, jiji la Minneapolis lilitangaza kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27. Jaji Peter Cahill aliwahoji upya wanajopo saba waliokuwa wamekwisha kuchaguliwa, akawaondoa wawili ambao habari hiyo ilikuwa imewayumbisha.

Lakini mchujo unaokusudiwa kung'oa upendeleo waweza pia kuupanda. Curtis Flowers, mtu mweusi wa Mississippi, alishtakiwa mara sita kwa mauaji ya watu wanne ya mwaka 1996. Katika kesi hizo sita, upande wa mashtaka ulitumia pingamizi zisizo na sababu kuwaondoa watu weusi 41 kati ya 42 ambao ungeweza kuwaondoa. Katika kesi ya sita, watu weusi watano walioondolewa waliulizwa maswali 145. Wazungu 11 waliokubaliwa waliulizwa 12 kwa jumla.

Ubaguzi wa namna hiyo ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1986. Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ya Flowers mwaka 2019, na mashtaka yakatupiliwa mbali mwaka uliofuata, baada ya miaka zaidi ya 20 kifungoni. Uingereza ilikuwa imekwisha kuondoa pingamizi zisizo na sababu mwaka 1988. Kanada ikafanya hivyo 2019, nalo jimbo la Arizona 2022.

Nchini Kenya wakati wa ukoloni, jopo lilikuwa haki ya Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji huyo. Wazee hao waliendelea kuketi katika kesi za mauaji hadi sheria ilipowaondoa mwaka 2007.

Leo mshtakiwa Mkenya anayehofia mapendeleo humwomba jaji ajiondoe. Ombi hilo husikizwa na jaji yuyo huyo anayetuhumiwa, naye ndiye hujipima iwapo ataweza kuweka kando aliyo nayo moyoni.