Nguo ya Ndani Isipimwe kwa Bei Peke Yake

Mtu anunuapo shati huligeuza huku na huku, hukagua kola na vifungo, na humwita mwenzake aliye karibu ampe shauri. Anunuapo nguo ya ndani hafanyi hayo. Huuliza bei, hutoa fedha, huitia nguo mfukoni na kuondoka kwa haraka kana kwamba ameiiba. Kuona haya ni tabia njema, na watoto wa nchi hii wamelelewa hivyo tangu zamani. Lakini haya ikimzuia mnunuzi kuitazama sawasawa nguo itakayogusana na mwili wake kutwa nzima, si adabu tena bali ni hasara.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, halistahili kujadiliwa hadharani. Hao wakumbuke miaka ya mwanzo ya 1980, wakati bidhaa zilipoadimika hata kipande cha sabuni kikawa cha kupanga foleni. Siku hizo mwananchi hakuuliza kama nguo ni bora au ni hafifu. Aliuliza kama ipo. Baada ya masharti ya uagizaji wa bidhaa kulegezwa mwaka 1984, nguo zilianza kumiminika, mpya na za mitumba, na leo hakuna soko lisilokuwa na chupi, sidiria, bukta na fulana za kila rangi. Shida ya kukosa imekwisha. Iliyobaki ni shida ya kuchagua, nayo hutaka maarifa.

Kipimo cha kwanza kinachotumiwa na wengi ni bei. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo, maana fedha ni chache na mahitaji ni mengi. Hata hivyo bei inayotajwa na mchuuzi ni sehemu tu ya gharama. Chukua mfano wa chupi ya shilingi 1,000 ambayo mpira wake hulegea na mshono wake kufumuka baada ya miezi mitatu. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu mnunuzi atalazimika kununua sita, na atakuwa ametumia shilingi 6,000. Mwenzake aliyenunua ya shilingi 3,500 ikadumu muda huohuo amebakiwa na shilingi 2,500, na kwa muda wote huo amevaa nguo iliyomkaa vizuri. Ndiyo maana wazee husema kwamba rahisi hugharimu.

Yafaa hapa haki itendeke. Kibarua alipwaye kwa siku hajui kama kesho atapata kazi. Mama mwenye watoto wanne hawezi kutoa kwa mara moja fedha za nguo nzuri za watoto wote. Watu wa namna hiyo huchukua cha shilingi 1,000 kwa sababu ndicho kilicho ndani ya uwezo wao siku hiyo, wala si kwa kutojua hesabu. Hivyo mnyonge hulipa zaidi kwa kitu kibaya kuliko alipavyo mwenye nafasi kwa kitu kizuri. Njia iliyo wazi kwake ni kununua kidogo kidogo, moja iliyo bora kila apatapo nafasi, badala ya kununua fungu zima la hafifu kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kipimo cha pili ni starehe ya mwili, ambayo si anasa kama wengine wanavyodhani. Nchi hii ni ya joto, na watu wake wengi hufanya kazi za kutoka jasho mashambani, viwandani na barabarani. Pamba hunyonya jasho na kuupa mwili hewa. Nailoni na poliesta, hasa zikiwa nzito na za kubana, huzuia joto na unyevu ndani, na mahali penye joto na unyevu ndipo fangasi hustawi. Matokeo yake ni mwasho, vipele na michubuko ya mapajani, na fedha iliyookolewa sokoni hutumika kununua dawa. Kwa msichana wa shule jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa hata akipewa taulo za hedhi, hawezi kuzitumia kwa utulivu darasani iwapo hana nguo ya ndani ya kuzishika vizuri.

Sasa lipo suala la mitumba. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, limepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Sababu yake ni ya afya, tena ni ya heshima ya binadamu. Pamoja na hayo, nguo hizo zimeendelea kuonekana katika masoko, na wanaozinunua si watu wasiojiheshimu. Ukiwauliza watakujibu kwamba chupi ya mtumba ni ya pamba nzito na mpira wake hushika, ilhali mpya ya bei ileile haifiki hata sikukuu ijayo. Jibu hilo halihalalishi jambo lililokatazwa, lakini linaonyesha kwamba mnunuzi maskini naye anaujua ubora na anautafuta. Marufuku inaweza kumwondolea nguo mbaya mkononi, lakini haiwezi kumpa iliyo nzuri. Madhali mpya iliyo bora haimo katika uwezo wake, ataendelea kuitafuta iliyokatazwa, na mchuuzi ataendelea kuificha chini ya meza.

Kwa hiyo ukaguzi wa mitumba hauna budi kwenda pamoja na ukaguzi wa nguo mpya. Nguo iliyoandikwa kwamba ni ya pamba tupu, kumbe ni ya poliesta, ni udanganyifu hata kama haijavaliwa na mtu. Muagizaji anayejaza makontena kwa bidhaa hafifu, akijua kwamba wanunuzi wataona aibu kurudi dukani kulalamika, anajitajirisha kwa haya ya watu. Maelezo ya kitambaa na ya kipimo yaandikwe kwa Kiswahili, ili mwananchi ajue anachokilipia.

Aidha, hapana budi kulitazama shina la tatizo. Pamba hulimwa kwa wingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi huuzwa nchi za nje, kisha hurudishwa nchini ikiwa nguo. Viwanda kama kile cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilionyesha kwamba pamba ya hapa inaweza kuwavika watu wa hapa. Vingi vya viwanda vya enzi hiyo vilidorora katika miaka ya 1980 na 1990. Nguo ya ndani haihitaji kitambaa kingi wala mitindo inayobadilika kila mwezi, nayo huhitajiwa na kila mtu, mkubwa na mdogo. Ni vigumu kutaja bidhaa yenye soko la hakika kuliko hiyo.

Wakati hayo yakisubiriwa, mnunuzi naye ana wajibu wake. Auvute mpira wa kiunoni aone kama unarudi mahali pake. Aitazame nguo kwenye mwanga, na ikiwa inapenya kama chandarua, aiache. Akague mishono ya ndani, na ahakikishe kwamba walau kipande cha katikati ni cha pamba. Fundi cherehani anajua kwamba uzi wa pamba ukichomwa huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini wa nailoni au poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Asitegemee herufi za vipimo, kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake, bali aipime kwa macho na kwa mikono yake.

Akishainunua aitunze. Wengi huanika nguo za ndani gizani, nyuma ya mlango au chini ya nguo nyingine, kwa kuona haya. Nguo isiyopata jua hukauka kwa shida na huota kuvu, na ikianikwa kivulini nje yupo nzi atagaye mayai ndani yake, ambaye funza wake huingia katika ngozi. Jua na pasi ya moto ni kinga isiyokuwa na gharama kubwa.

Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri matako. Vivyo hivyo, nguo iliyonunuliwa kwa kutazama bei peke yake haimsitiri mvaaji wala haimwekei akiba. Mnunuzi asione haya kuuliza, kukagua na kukataa kabla hajatoa fedha yake.