Muulizeni Mtu Kwao Kabla ya Kumhamisha

Wako wasomi wanaodhani kwamba kabila ni damu tu. Mimi nazunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa kwa kazi ya chama, wala sijaona hivyo.

Wamakonde wameitwa kwa likonde, yaani uwanda wa juu wenye kichaka kinene. Wayao wamepata jina kwa kilima kilicho ng'ambo ya Ruvuma, ambacho wengi wao hawajapata kukiona. Nasi Wamwera, mgeni akihamia kwetu, hatuchimbui nasaba yake. Twatazama amezika wapi wafu wake, na unga wa tambiko anauweka chini ya msolo upi. Wamakua na Wangindo wangapi wamekuwa wenzetu kwa njia hiyo!

Sisemi haya kwa kujivunia ukabila. Nayasema kwa sababu ya kinywe. Tangu madini hayo yaonekane Ruangwa, wako wananchi wanaotakiwa kupisha machimbo. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, mthamini alihesabu mikorosho, vyumba na vyoo. Bibi mmoja akauliza, "Na msolo wetu, mwanangu, umeuandika bei gani?" Mthamini akacheka. Nami nilicheka, na naona aibu mpaka leo.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inataka zilipwe gharama za kuhamisha kaburi, hata za matambiko yake. Waliotunga sheria ile walikuwa wanatujua. Lakini msolo usio na kaburi chini yake utaandikwa kuni.

Wengine watasema: mbona katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walihamishwa, na Wamwera wakabaki Wamwera? Ni kweli. Ila mahame yalikuwepo, na mtu aliweza kurudi kutambikia. Hata Waingereza, waliofyeka Nachingwea kwa ajili ya karanga na kuuacha mpango wao 1951, waliacha ardhi mahali pake. Shimo la machimbo ni jambo jingine.

Sipingi machimbo, shule na zahanati zataka fedha. Nataka hivi: kabla mthamini hajafungua daftari, wazee watembee naye, kila mahali penye jina paandikwe kwa jina lake, na muhtasari usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Wazee wachague wenyewe msolo wa huko waendako, na gharama za tambiko la kuhama zilipwe kama zilipwavyo za makaburi.