Siku Arubaini Bila Mtandao



Wasomaji wetu watukufu, wapo waliouliza mbona sauti yetu ilipotea mtandaoni, wengine wakidhani tu wagonjwa. Hatukuwa wagonjwa wa mwili. Tulikuwa na utenzi tuliouanza baada ya mafuriko ya mwaka 2024, mto Tana ulipofurika na watu wa vijiji vya jirani na Garsen wakakimbilia miinukoni na watoto, kuku na magodoro yao. Tulitaka wajukuu wetu waje wayajue hayo. Lakini kila tulipomaliza beti mbili tatu, tulizisoma mbele ya simu, tukazituma, kisha tukakaa kungoja: nani amependa, nani amesambaza, nani ameandika mashaallah.

Aliyetuzindua ni mama watoto. Usiku mmoja alituuliza, “Sheikh, na yule bibi aliyekataa kupanda mashua bila mbuzi wake, umemweka wapi?” Hatukuwa na jawabu. Tulimwacha bibi yule kwa sababu ubeti wake ulikuwa wa taratibu, hauna kishindo, na tulijua watu wangeupita wakitafuta kingine. Tulikuwa tumeanza kuwasikia watazamaji kabla ya neno kuzaliwa. Na hili ndilo tunaloliogopea zaidi kuliko saa zinazopotea, maana saa hulipwa kwa kukesha, lakini nia ikishageuka ni vigumu hata kutambua kuwa imegeuka.

Watoto wetu chuoni huanza na hadithi ya nia, ileile ambayo Imam Bukhari aliifungulia kitabu chake. Sisi tumeisomesha miaka mingi, na bado ikatupita mlangoni.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 488 Hijria, yaani 1095 miladia, Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, na hapakuwa na jina lililovuma kama lake. Yeye mwenyewe amesimulia katika Al-Munqidh kwamba aliipima nia yake ya kufundisha akaiona haikumwelekea Allah peke yake. Ilisukumwa na kutaka jaha na sifa. Ulimi wake ukafungika darasani, hata chakula kikamshinda. Hatimaye akaondoka. Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Alirudi kufundisha baada ya miaka kama kumi na mmoja. Sisi tulijaribu siku arubaini tu, na wiki ya kwanza mkono ulikuwa ukiingia mfukoni wenyewe, hata baina ya adhana na iqama.

Dada mmoja msusi wa mikeka alipotusikia alicheka. “Sheikh, nikizima simu mimi, watoto watakula nini? Wateja wangu wa Malindi na Mombasa wamo humo.” Amesema kweli, na hatutaki mwanamke yeyote afunge duka lake kwa sababu ya safu hii. Hata Ghazali, alipoitoa mali yake, alibakisha riziki ya wanawe. Tulikubaliana naye hivi: oda azijibu baada ya adhuhuri, na hapo ndipo atume picha ya mkeka uliokwisha. Ule ulio mkononi asiupige picha. Baada ya muda alituambia amerudia rangi aliyokuwa ameiacha kwa kuwa haikupendeza kwenye picha, ingawa sebuleni hupendeza sana.

Nasi tulimkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wake wa mwaka 1858 aliutunga akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake, Mwana Hashima. Msikilizaji aliyemkusudia kwanza alikuwa wa nyumbani. Mtunzi akiwa na msikilizaji wa namna hiyo hana haja ya kupaza sauti.

Hata hivyo, tusifiche gharama. Tangazo la maziko ya rafiki yetu wa Kipini lilipita kwenye kundi la WhatsApp tukiwa hatupo, na jeneza likaenda bila sisi. Kusindikiza jeneza ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na hili bado linatuuma. Anayetaka kujaribu basi aache njia ya kupigiwa simu, na amwambie mtu wa nyumbani amwangalilie habari za misiba na, kwa sisi tulio kando ya mto, habari za maji. Kilichotuharibia kazi ni kule kungoja kusifiwa, wala si habari.

Utenzi sasa umefika beti 112 na haujatumwa popote. Ijumaa ijayo, inshaallah, tutausoma nyumbani baada ya isha, na akina mama wa mtaa wamealikwa. Bibi mwenye mbuzi atakuwepo. Mama watoto alikwenda kumsomea ubeti wake mapema, naye amesema mbuzi walikuwa wawili, wala si mmoja, kwa hiyo itabidi tuurekebishe.