Bendera ya Taifa Haikodishwi

Wako watu huku Kibaha na Kisarawe ambao, wakisikia habari za silaha za nyuklia na vikwazo vya kuzizuia, hujibu upesi: "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tuna mihogo na korosho zetu." Sisi tulio walimu twalisikia neno hili hata vinywani mwa watu waliosoma, nasi twalikataa kabisa.

Na tukumbuke mambo ya mwaka 2012. Marekani na nchi za Ulaya zilikuwa zimeweka vikwazo juu ya mafuta ya Irani, ambayo wazee wetu waliiita Uajemi, kwa hofu kwamba yataka kuunda bomu. Mwaka huo ikajulikana ya kuwa meli za mafuta za Irani, 36 kwa hesabu, zilikuwa chini ya bendera ya Tanzania. Ziliandikishwa katika daftari la meli la Zanzibar kwa mkono wa wakala aliyekaa Dubai. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Kikwete barua. Kwanza wakubwa wetu walikana, kisha wakakiri, na meli zikafutwa daftarini. Jina letu liliuzwa mbali, nasi tukaja kuambiwa na mgeni!

Mtu wa Kisarawe ataelewa. Mwenyekiti wa kijiji akimwachia mchoma mkaa muhuri akae nao nyumbani, je, miti ya Kazimzumbwi ikiisha atasema, "Mimi sikushika shoka"? Pasipo muhuri ule, gunia lisingepita kizuizini.

Wanaotubishia wana hoja, wala hatuifichi. Vikwazo vile vya mafuta havikuamriwa na Umoja wa Mataifa, na hao wanaokemea wengine wana mabomu yao ghalani. Mkataba wa mwaka 1968 uliwataka wenye silaha wajadiliane kwa nia njema ili ziondolewe, na deni hilo hawajalilipa. Lakini kama serikali iliona vikwazo si vya haki, ingesimama hadharani ikavikataa kwa sauti. Kuvivunja kwa mlango wa nyuma, tena pasipo kujua, si ushujaa wala si uhuru.

Wala jambo hili si geni kwa Afrika. Madini mengi ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, yalitoka Shinkolobwe, Katanga. Afrika ya Kusini iliunda mabomu 6, ikayavunja, na mwaka 1993 ikautangazia ulimwengu. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, wakataza silaha hizo barani mwetu, na Tanzania imo.

Nasi tunayo urani ardhini, huko Mto Mkuju, Namtumbo. Malori ya kwenda bandarini hupita Kibaha mchana na usiku. Basi twawauliza wabunge wetu wa Pwani: daftari la meli hukaguliwa na nani, na mara ngapi kwa mwaka? Na siku shehena ya urani itakapopakiwa, ni nani atakayeandika inakokwenda, na ni nani atakayeusoma mwandiko wake?