Katika Mbio Hakuna Mzigo: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Serikali ya Kaunti ya Lamu.

YAH: KANUNI ZA KUWALINDA PUNDA WA MASHINDANO

Mheshimiwa Gavana,



Mimi ni mzaliwa wa Langoni. Nyumba niliyokulia ilijengwa kwa migongo ya punda: mawe, mchanga, chokaa na boriti, vyote vilipanda kutoka ufuoni kupitia vichochoro ambamo gari halipiti. Marehemu babu yangu alikuwa na punda wawili, na sikumbuki hata siku moja aliyokaa kula cha mchana kabla ya kuwatilia maji. Naandika haya nikiwa mtu aliyependa mbio za punda tangu utotoni, na anayezipenda hadi leo. Sikuletei ombi la kuzipiga marufuku.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama ufuoni katika umati, nikisubiri punda wapite. Wakaja kwa kishindo, vijana wamepanda migongo mitupu, vigelegele vikitanda hadi mashuani. Katikati ya kundi alikuwamo punda jike mwenye kidonda kibichi begani, pale shogi inapokaa. Aliyempanda alikuwa na kipande cha mpira wa bomba, na mapigo yake yalitua karibu na kidonda kile. Mzee mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu, mpagazi wa gatini, akasema kwa sauti ndogo: "Yule nimemwona tangu alfajiri akipandisha simiti."

Simlaumu kijana yule, wala mwenye punda, wala walioandaa siku ile. Lakini maneno ya mzee hayajanitoka. Punda wetu wa mashindano si farasi wa mazizini, aliyelelewa kwa ajili ya mbio tu. Ni yule yule wa mchanga na mawe, anayetolewa kazini na kuingizwa uwanjani, kisha kesho akarudishwa kazini.

Mheshimiwa, sisi tuna msemo: punda afe, mzigo ufike. Tumeusema mara nyingi hata tumeacha kuusikia. Ukiutazama vizuri, hata msemo huo mkali una sharti ndani yake, nalo ni mzigo. Kuna familia inayongoja unga, kuna nyumba inayongoja mawe, kuna mgonjwa anayepaswa kufikishwa hospitalini. Hapo mtu anaweza kusema dharura imemlazimisha, na Mungu ndiye ajuaye. Katika mbio hakuna mzigo. Punda akichelewa kufika, hakuna atakayelala njaa. Kazi ina dharura zake, burudani haina. Kwa hivyo maumivu ambayo tungeyatafutia udhuru gatini hayana udhuru ufuoni siku ya sherehe. Punda wa mashindano anastahili ulinzi kuliko hata punda wa kazi, kwa sababu pale tunamtumia kwa raha zetu tu.

Nakuandikia wewe, na si mwingine, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 imeliweka jambo hili mezani pako. Katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kazi za kaunti zimeorodheshwa. Kipengele cha 4, kinachohusu utamaduni na burudani ya umma, kinataja mashindano ya mbio. Kipengele cha 6 kinataja udhibiti na ustawi wa wanyama. Mbio na ustawi wa mnyama anayekimbia vimekabidhiwa serikali moja. Hakuna haja ya kusubiri Nairobi. Aidha, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, imekwisha kufanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpanda au kumwendesha kupita kiasi, au kumbebesha kuliko nguvu zake. Sheria hiyo haisemi kwamba siku ya sherehe ni halali.

Najua jibu litakalotangulia: hii ni desturi yetu. Naam, na ndiyo maana naitetea. Mbio za punda zinaandamana na Maulidi yetu ya Mfunguo Sita, pamoja na kuogelea na mashindano ya majahazi, na wageni huja kutoka pembe zote za pwani na ng'ambo. Lakini tuiulize desturi hiyo chimbuko lake. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi waliokwisha kuandaliwa kwa mbio kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa. Farasi ambao hawajaandaliwa walikimbizwa kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Wapokezi wanaeleza kwamba masafa ya kwanza ni maili tano au sita, na ya pili ni maili moja hivi. Abdullah mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Hadithi hiyo ina fundisho la utawala, Mheshimiwa. Mbio ziliruhusiwa, na furaha yake ikaruhusiwa, lakini kwanza ilitazamwa hali ya mnyama, ndipo yakapimwa masafa. Aliyekuwa tayari alipewa njia ndefu, na asiyekuwa tayari akapewa njia fupi. Sisi tunaosherehekea kuzaliwa kwa Mtume hatuwezi kuuchukua ushindani wake tukauacha upimaji wake.

Walio mbele yetu katika mchezo huu nao wamejifunza, wengine kwa gharama kubwa. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2023, farasi 12 walikufa ndani ya wiki chache katika uwanja wa Churchill Downs, Kentucky, penye mbio mashuhuri kuliko zote nchini Marekani. Mwezi Juni uwanja ule ulisimamisha mbio zake na kuzihamishia kwingine. Kama wenye mabilioni na madaktari wa kila namna walilazimika kusimama na kujiuliza, sisi tusione haya kujiuliza. Norway ilipiga marufuku mjeledi katika mbio tangu mwaka 1982, na farasi wa Norway bado wanakimbia. Uingereza, tangu mwaka 2023, mpanda farasi katika mbio za tambarare haruhusiwi kuutumia mjeledi zaidi ya mara 6. Mwaka 2020 watafiti wa Sydney, wakiongozwa na daktari Lydia Tong, walilinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu. Walikuta kwamba ngozi ya juu ya farasi si nene kuliko yetu, wala haina upungufu wa mishipa ya kuhisi maumivu. Ule usemi kwamba mnyama hasikii kama sisi umekosa pa kusimama.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi unatoka Blackpool, mji wa pwani ya Uingereza ambako punda huwapandisha watoto ufuoni. Tangu mwaka 1942 mji ule una kanuni zake: punda ana saa za kazi zilizowekwa, ana saa nzima ya mapumziko mchana, na kwa juma ana siku yake ya kupumzika. Siku yenyewe ni Ijumaa. Nilipolisoma hilo niliingiwa na haya. Watu wa mbali wamempumzisha punda Ijumaa kwa karatasi ya baraza la mji, nasi tunaoijua Ijumaa hatujampa hata asubuhi moja ya kupumzika kabla ya kumkimbiza.

Wengine watasema punda ni mgumu, hadhuriki. Ugumu huo ndio hatari yake. Punda huficha maumivu. Mbuzi akiumia atalia mtaa mzima ujue, lakini punda husimama kimya na kuinamisha kichwa, na mpaka dalili zionekane, ugonjwa umekwisha kukomaa. Mwenye macho ya kuzoea hutambua. Umati wenye vigelegele hautambui. Ndiyo maana hatuwezi kuuachia umati uamuzi wa nani anafaa kukimbia.

Na wengine watasema wenye punda ni maskini, kanuni zitawabana. Mimi naona kinyume chake. Mwenye punda ndiye atakayepoteza riziki ya mwaka mzima mguu ukivunjika kwa ajili ya zawadi ya siku moja. Kanuni inamlinda yeye kabla ya mtu mwingine. Tena hatuanzi patupu. Mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary, lililoasisiwa Uingereza na Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo cha kutibu punda hapa kwetu, na vizazi vya wenye punda wamejifunza kuosha vidonda, kutoa dawa ya minyoo na kushindana kwa punda aliyetunzwa vizuri. Ujuzi upo mjini. Ila wema wa watu binafsi, hata ukiwa mkubwa, hauwezi kumzuia mtu anayetaka kumwingiza uwanjani punda mwenye kidonda. Kinachomzuia ni kanuni yenye muhuri wako.

Kwa hivyo naomba kaunti itunge kanuni za mbio za punda, nazo ziwe na mambo haya sita:

Kwanza, daktari wa mifugo amkague kila punda asubuhi ya mashindano. Mwenye kidonda, mwenye kuchechemea, mwenye mimba na aliye chini ya miaka minne asikimbie.

Pili, punda atakayekimbia asibebe mzigo tangu siku iliyotangulia. Kaunti imlipe mwenyewe fidia ndogo ya siku hiyo, ili mapumziko ya punda yasiwe njaa ya watoto.

Tatu, fimbo, mpira, waya na kila kitu cha kupigia visiingie uwanjani. Atakayempiga punda aondolewe hata kama amefika wa kwanza.

Nne, mbio zifanywe asubuhi au alasiri jua likiwa limepoa, kwa masafa mafupi, na mpandaji awe na uzito unaolingana na umbo la punda.

Tano, mwisho wa njia pawe na kivuli, maji na daktari, na zawadi isitolewe mpaka punda wa mshindi akaguliwe tena.

Sita, zawadi ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote ilingane na ya punda aliyeshinda mbio, na itolewe jukwaa moja, siku moja, mbele ya umati ule ule.

Hilo la sita nalitilia mkazo. Vijana hufuata kinachopigiwa makofi. Tukimpigia makofi mwenye mbio peke yake, tutavuna fimbo. Tukimpigia makofi na mwenye punda asiye na kidonda, kijana wa Langoni atashindana mwaka mzima kwa ndoo ya maji na kitambaa safi, wala hatasubiri siku moja ya kushindana kwa mpira wa bomba.

Mheshimiwa, Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tunajivunia milango yake ya nakshi na kuta zake za mawe ya matumbawe. Mawe hayo hayakupanda yenyewe. Aliyeyabeba hana kura, hana wakili wala hatakuja ofisini kwako kulalamika. Ana wewe, kwa mujibu wa kipengele cha 6.

Mbio zijazo zikitanguliwa na daktari, nitakwenda kusimama pale pale ufuoni, na nitamtafuta yule mzee wa gatini nimuulize kama punda wanaopita wamelala wamepumzika. Natamani anijibu kwamba tangu jana hajamwona hata mmoja gatini.

Wako katika kuutumikia mji,

Mkazi wa Langoni, Lamu