Turbo na kibao cha 50

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro Jumamosi asubuhi huanza kukutana nayo kabla hajaimaliza Kibaha: Subaru Impreza yenye tundu la hewa juu ya boneti, Crown Athlete nyeupe iliyoshushwa kidogo, Mark X nyeusi yenye ekzosi ya sauti nzito. Mwenye gari ameliagiza Japani, amelisubiri bandarini, amelilipia ushuru kwa jasho lake, kisha akalitafutia rimu mpya. Akikanyaga mafuta, mshale unagonga 100 ndani ya sekunde chache tu. Mbele yake ana kilomita karibu 190 za lami, na karibu kila kijiji kilichopakana na lami hiyo kina duara jekundu lenye namba 50.

Malalamiko yake yanajulikana gereji zote. Kwamba 50 ni mwendo wa baiskeli. Kwamba trafiki hujificha. Kwamba tochi, yaani kifaa cha askari cha kupima mwendo, imegeuzwa mradi, na faini ya shilingi 30,000 inamfuata mtu hata pale alipozidisha kwa kilomita saba. Baadhi ya malalamiko hayo yana ukweli. Lakini hilo la kwanza halina mashiko, na ni vizuri limalizwe mapema.

Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Likiwa kwenye 100, linakula 28. Dereva mzima, asiye na usingizi wala simu mkononi, huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone mtoto anaingia barabarani hadi mguu wake ubane breki. Kwenye 50, mita 21 zimeshakwenda hapo, na gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu litadai nyingine kama 14 ili lisimame. Jumla ni mita 35. Kwenye 100, mita 42 zinakwisha kabla breki haijashika, na nyingine 55 hivi zinafuata, jumla karibu urefu wa uwanja wa mpira. Maana yake, pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la pili halijaanza hata kupunguza mwendo. Hesabu hiyo haijali gari limenunuliwa kwa shilingi ngapi.

Na mtoto huyo si wa kufikirika. Mlandizi, Ruvu, Chalinze na miji mingine midogo ya njia hiyo imekua huku lami ikiwa katikati. Shule iko upande huu, nyumba ziko upande ule. Basi likisimama Chalinze, vijana wenye maji ya chupa, korosho na mayai ya kuchemsha hulikimbilia dirishani, na kila mmoja macho yake yako kwa abiria, si kwenye gari linalokuja nyuma. Bodaboda huchomoza kutoka kwenye njia ya vumbi bila kusimama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hao ndio walio pembeni mwa kibao cha 50, bila bodi la chuma wala mkanda wa kuwakinga.

Halafu magari yenyewe hayakutoka kwenye nchi ya spidi huria. Japani, barabara ya kawaida isiyo na kibao kingine mwisho wake ni 60, na barabara kuu za kulipia zimeishi na 100 kwa miongo mingi. Ni vipande vichache tu vilivyoruhusiwa 120, kuanzia mwaka 2020. Kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, magari ya huko yalilazimika kufungwa kengele inayolia ndani mshale ukivuka 100 kidogo. Mwaka 1989 watengenezaji wakubwa walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kutotangaza gari lenye nguvu inayozidi farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Magari yakafungwa pia yasivuke kilomita 180 kwa saa, ndiyo maana dashibodi nyingi za magari yaliyotoka huko zinaishia kwenye namba hiyo. Anayezidisha kwa kilomita 30 au zaidi kwenye barabara ya kawaida huko halipi faini ndogo akaondoka: kesi yake huingia kwenye mkondo wa jinai na leseni husimamishwa. Subaru iliyoegeshwa leo Kimara au Mbezi ilitumia ujana wake wote chini ya sheria kali kuliko za hapa, na mmiliki wake wa kwanza aliipenda vilevile.

Mapenzi ya Afrika Mashariki kwa magari haya yana historia ya heshima. Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa kwenye Impreza, na Richard Burns akarudia na Subaru mwaka 2000. Watu wazima wa leo walikuwa watoto walioacha shule siku za mashindano ili wasimame kwenye vumbi na kuiona rangi ya bluu ikipita. Lakini ipo sehemu ya hadithi hiyo isiyosimuliwa sana. Safari ya zama zile ilipita kwenye barabara za umma zenye ng'ombe, malori na watu, na kwa sababu hiyo timu kubwa zilirusha helikopta juu ya gari ili waliomo angani wamwonye dereva kuhusu kilicho mbele. Bingwa wa dunia, kwenye gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo, hakuthubutu bila macho ya angani. Mashindano yaliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakipigwa zaidi maeneo ya Naivasha, mbio zilikuwa kwenye vipande vilivyofungwa.

Sasa tochi.

Mchezo wake kila dereva wa masafa anaujua. Lori linalotoka upande wa pili linapiga taa mara mbili. Ishara imeeleweka. Dereva wa Impreza anabana breki, mshale unashuka kutoka 110 hadi 48, anapita mbele ya askari mwenye sare nyeupe aliye chini ya mwembe akiwa ametulia kama anakwenda kanisani, anauvuka mwembe, anakanyaga tena. Kabla nyumba ya mwisho ya kijiji haijapita, yuko 110. Asiyepigiwa taa ndiye anayeliwa: picha yake, ikiwa na namba ya gari na spidi, inarushwa kwa simu kwa askari aliye mbele, na anasimamishwa kilomita kadhaa baadaye aoneshwe kioo cha simu.

Tochi ya namna hii hupima mahali pamoja, na gari lenye nguvu ndilo linaloiweza kuliko magari yote. Dereva wa Noah iliyojaa ndugu wa harusi akipunguza hadi 50, atahitaji muda mrefu kurudi alipokuwa. Mwenye turbo anarudi kwa pumzi moja. Kwa hiyo aliye hatari zaidi kwa kijiji ndiye anayeathirika kidogo zaidi, na kilichobaki kichwani mwake ni ramani ya miembe wanakokaa askari, wakati alitakiwa kujua wanakovuka watoto.

Na yote hayo ni kwa faida gani? Kilomita 10 kwa 120 ni dakika tano. Kwa 80 ni dakika saba na nusu. Dakika mbili na nusu, ambazo foleni ya mzani au ya Kimara inazimeza bila hata kuziona. Anayeihitaji kweli spidi amepata njia yake tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa mwendo unaofika 160, kwenye reli iliyojengewa madaraja na vivuko ili watu na magari wasikatize mbele yake.

Dawa ipo, na nusu yake Tanzania imeshaimeza. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huiona spidi ya basi tangu linapotoka stendi hadi linapofika. Dereva wa basi akizidisha porini ambako hakuna askari wala mwembe, bado anaonekana. Abiria wengi wameshasikia king'ora kikilia ndani ya basi, na wengine wamemkumbusha dereva kwa sauti. Haiingii akilini dereva aliyebeba watu 50 apimwe safari nzima, halafu mwenye gari lenye kasi maradufu ya basi hilo apimwe kwa sekunde moja chini ya mti.

Si lazima kila gari binafsi lifungwe kifaa. Njia inayofaa ni kupima wastani wa mwendo kwenye kipande kizima. Kamera moja inasoma namba ya gari kwenye kibao cha kuingilia, nyingine inaisoma kwenye kibao cha kutokea, na hesabu iliyobaki ni ya darasa la sita. Eneo la 50 lenye urefu wa kilomita sita haliwezi kuvukwa kihalali kwa muda unaopungua dakika saba na sekunde 12. Aliyetumia dakika nne alikuwa na wastani wa 90, hata kama alipunguza mara tatu njiani kwa kupigiwa taa. Kurudisha mwendo kwa nguvu za turbo hakumsaidii kitu. Kumwonya mwenzako kwa taa pia hakusaidii, wala kuelewana pembeni ya barabara.

Scotland ilifanya hivyo Oktoba 2014 kwenye barabara ya A9, kati ya Dunblane na Inverness, kilomita zipatazo 220. Barabara hiyo inafanana na ya Morogoro kwa mengi: vipande vingi ni njia moja kwenda na moja kurudi, malori ni mengi, na watu walikuwa wanakufa katika kuovateki. Mpango ulipingwa vikali na wengi, wakiwemo wanasiasa. Kamera zikawekwa kwenye nguzo za njano zinazoonekana kutoka mbali, na vifo na majeruhi vikapungua. Kamera iliyo wazi inafanya kazi nzuri kuliko askari aliyejificha, kwa sababu lengo ni gari lipunguze mwendo kijijini, na dereva aliyetangaziwa hupunguza. Japani nako huweka vibao vya kumtahadharisha dereva kabla ya kamera.

Hapo ndipo malalamiko mengine ya wenye magari yanapostahili kusikilizwa na serikali. Vibao vya 50 vilivyofunikwa na majani vipo. Vibao vya kumaliza 50 vilivyogongwa na lori na kutorudishwa vipo, na dereva mwaminifu hubaki akibahatisha eneo limeishia wapi. Kumtoza mtu shilingi 30,000 kwa kibao asichoweza kukiona ni dhuluma, na dhuluma moja huharibu utii wa wengi. Kamera za wastani zingelazimisha kila eneo liwe na mwanzo na mwisho unaojulikana, la sivyo hesabu yenyewe haiwezekani.

Faini nayo inahitaji kuangaliwa. Shilingi 30,000 ni kipato cha siku kadhaa kwa kijana wa bodaboda, na kwa mwenye gari la shilingi milioni 60 ni chini ya bei ya kujaza nusu tangi. Finland hutoza kwa kipato: mwaka 2023 tajiri Anders Wiklöf alipigwa faini ya euro 121,000 kwa kwenda 82 kwenye eneo la 50. Kwa nchi ambayo watu wengi hawana hati ya mshahara, kuiga hilo ni vigumu. Kupandisha faini kulingana na kilomita zilizozidishwa ni rahisi. Aliyekwenda 57 na aliyekwenda 115 mbele ya shule hawajatenda kosa la ukubwa mmoja, na haifai waondoke na deni lilelile.

Mwenye gari la mbio habaki mikono mitupu sheria ikibana. Nguvu ya injini ina kazi halali: nyuma ya semitrela inayopanda mlima kwa 40, gari lenye turbo linapita na kurudi upande wake kwa sekunde chache, wakati gari dhaifu linaning'inia upande wa kulia likiomba Mungu. Breki kubwa zina kazi. Anayeipenda Crown yake aanze na ubavu wa tairi, asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, ajue tairi limetengenezwa lini. Asome na herufi ya spidi: S ni 180, T ni 190, H ni 210. Magari mengi yanayonguruma kwenye barabara hii yamevaa tairi za mtumba za umri usiojulikana, na mwenyewe anajua idadi ya farasi wa injini kwa kichwa.

Vikundi vya wenye Subaru na Crown vina wanachama wengi, vina wanasheria na mainjinia ndani yake, na vinaposafiri kwa msafara vijiji vyote vinajua. Vina uzito wa kwenda Wizara ya Mambo ya Ndani na kwa wakala wa barabara na pendekezo lililoandikwa: vibao vilivyokamilika kutoka Kibaha hadi Chalinze, kamera za wastani zilizopakwa rangi ya kuonekana, faini inayopanda na mwendo, na askari waliokuwa chini ya miembe wahamishiwe kwenye vivuko vya shule saa moja asubuhi na saa tisa alasiri.